Kijiji kinathaminiwa kupisha upanuzi wa mgodi wa dhahabu: watu wajiandae vipi wasipunjwe?

Mwana wa Nyanza (mwanzisha mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Kuna kijiji huku kanda ya ziwa, Tanzania, kinachopakana na mgodi mkubwa wa dhahabu. Vitongoji 2 vimeambiwa vitapisha upanuzi wa shimo na eneo la kumwaga kifusi. Kaya ni kama 140, nyingi zina nyumba za tofali za kuchoma, migomba, mihogo na ng'ombe wachache. Wathamini wanatarajiwa baada ya wiki 3. Kuna wazee wanaotaka wananchi wafunge njia, wathamini wasiingie kabisa. Wengine wanasema tusubiri tuone kiasi kitakachotangazwa ndipo tulalamike. Na tayari kuna maneno kwamba watu wameanza tegesha, yaani vibanda vya haraka haraka na miche iliyosongamanishwa ili kutega fidia.

Naomba wenye ujuzi mtuelekeze: nini kifanyike kabla ya siku ya uthamini, siku yenyewe, na baadaye kama malipo yatachelewa au yatakuwa pungufu? Na vipi kuhusu nyumba zilizo nje ya mstari wa kuhamishwa lakini zinapasuka kuta kwa baruti? Nakala za sheria tunazo chache, ila hatujui kipi kinafanya kazi kweli.

---

Kipimo Sahihi

Wiki 3 zinatosha zikitumika vizuri. Fidia nyingi hupotelea kwenye fomu, siku ile ile mthamini anapopita uani. Atakachoandika siku hiyo ndicho mtakachobishania miaka yote inayofuata, kwa hiyo msisubiri kiasi kitangazwe.

Kuhusu kufunga njia: naelewa hasira, lakini msifanye hivyo. Kaya isiyokuwepo au iliyokataa inaweza kuthaminiwa kwa kuangaliwa kwa mbali, na hapo ndipo choo, jiko la nje na visima vinapopotea.

Kabla ya siku. Kila kaya iwe na daftari lake, na iandike mali yake yenyewe. Nyumba: vyumba vingapi, urefu na upana kwa futi kamba, ukuta wa tofali mbichi au za kuchoma, sakafu ya saruji au udongo, bati geji 28 au 30, madirisha ya mbao au nondo. Halafu vile vinavyosahaulika: choo na kina chake, jiko la nje, zizi, ghala, uzio, kichanja, msingi uliojengwa ukasimama. Mazao ya kudumu yahesabiwe kwa aina na umri, maana mche, mti unaozaa na mti uliozeeka havilipwi bei moja. Mhesabuji asiandike "migomba, shamba 1". Aandike mashina mangapi yanazaa na mangapi ni machipukizi. Mazao ya msimu kama mahindi mara nyingi watu hupewa muda wa kuvuna badala ya kulipwa, kwa hiyo ulizeni mapema tarehe ya mwisho ya kuvuna na mpewe kwa maandishi. Muhogo ubishaniwe mapema, kwa sababu unakaa shambani zaidi ya msimu mmoja.

Siku yenyewe. Mdai hupigwa picha mbele ya mali yake akiwa ameshika kibao chenye namba yake. Hakikisheni namba ya kibao, namba iliyopakwa ukutani na namba iliyoandikwa kwenye fomu ni moja. Namba ikipishana kwa tarakimu moja tu, malipo yanaweza kwenda kwa jirani au yakasimama kabisa. Mtu asisaini fomu yenye nafasi tupu. Nafasi isiyo na kitu ipigwe mstari. Akishasaini, aipige picha kwa simu, kurasa zote, palepale, kabla haijaingia kwenye begi. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake, asisomewe na mtu wa kampuni.

Angalieni sana neno "haikaliwi". Kanuni za 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinasema posho ya makazi, posho ya usafiri na faida iliyopotea hazilipwi kwa eneo lisilokaliwa. Mthamini akifika familia iko shambani, nyumba imefungwa, akaandika haikaliwi, mmekosa sehemu kubwa ya stahili kwa neno moja. Siku hiyo mtu abaki nyumbani.

Hesabu yenyewe mnaweza kuikagua wenyewe. Kuna thamani ya ardhi na maendelezo. Juu yake inaongezwa posho ya usumbufu, ambayo ni asilimia ya thamani hiyo kwa kufuata wastani wa riba ya amana ya muda maalumu ya miezi 12 katika benki za biashara. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya mwezi kwa bei ya soko, mara miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Biashara inayokufa inalipwa faida halisi ya mwezi mara 36.

Mfano wa kujifunzia tu, na viwango nimevichagua kurahisisha hesabu: mali ya shilingi 18,000,000, riba asilimia 7, kodi 60,000, usafiri 1,500 kwa tani kwa kilomita. Usumbufu 1,260,000. Makazi 2,160,000. Usafiri 12 × 20 × 1,500 = 360,000. Jumla 21,780,000. Mtu akiletewa karatasi yenye jumla pekee bila mchanganuo huu, arudishe kwa barua aombe mchanganuo. Makosa mengi yako kwenye kodi: mthamini anachukua kodi ya chumba kimoja wakati familia ilikuwa na nyumba ya vyumba vinne.

Wenye kiosk au mashine ya kusaga waanze leo kuandika mauzo na manunuzi ya kila siku. Bila hesabu, kipengele cha faida kinaandikwa sifuri.

---

Mama Msaada wa Sheria

Namuunga mkono aliyetangulia, na naongeza suala la muda. Kwenye fidia muda unawaua watu kuliko kitu kingine.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinisha. Ikizidi hapo, riba inaanza kuhesabika. Uthamini wenyewe una uhai wa miaka 2. Ukipita bila malipo, unatakiwa kufanywa upya kwa bei za wakati huo. Sasa tazameni kinachotokea vijijini: watu wanawekewa alama ukutani, wanaambiwa wasijenge, wasipande, wasikarabati, kisha miaka 4 inapita. Mtu anakaa kwenye nyumba inayovuja kwa sababu amekatazwa kubadilisha bati, halafu analipwa kwa bei ya zamani. Kwa hiyo tarehe ya kuidhinishwa kwa jedwali la fidia ni lazima mwijue. Iombeni kwa barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri huwezi kuthibitisha kwamba ilifika.

Ukomo wa kufungua shauri ndio mtego mbaya kuliko yote. Madai ya fidia kwa jambo lililofanywa kwa mujibu wa sheria yana ukomo wa mwaka 1 tu. Na mazungumzo hayasimamishi muda. Malalamiko yakikaa miezi 14 kwenye dawati la malalamiko la mgodi, mkaambiwa "tunalishughulikia", mkienda mahakamani mtakutana na pingamizi kwamba mmechelewa. Tumieni dawati hilo, maana mtaulizwa kama mlianzia huko, lakini wekeni tarehe yenu: majibu yasipopatikana ndani ya miezi 3, wakili anaanza kazi. Kama serikali au kijiji kinaunganishwa kwenye kesi, lazima itangulie notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Siku 90 zinakula robo ya mwaka wenu.

Kaya 140 hazina haja ya kesi 140. Kuna shauri la uwakilishi, ambapo wachache wanaomba ruhusa ya mahakama kusimama kwa niaba ya wote. Linaanguka kwa sababu moja inayojirudia: orodha. Mahakama inataka jina la kila mtu, saini yake, na kwamba aliwaidhinisha wawakilishi wale. Orodha ya mahudhurio ya mkutano mwingine haitoshi. Tayarisheni karatasi yenye kichwa cha habari kinachosema wazi watu wanaidhinisha nini.

Kuhusu kusaini malipo. Dawati la mgodi likikuletea makubaliano, soma kifungu kinachosema umeachia madai yote "yaliyopo na yajayo". Mtu anapewa hela ya ufa wa ukuta, kumbe amesaini kwamba hatadai hata maji yakichafuka. Malalamiko ya ufa yafungwe kwa makubaliano ya ufa tu. Na mtu anayelazimika kupokea fidia pungufu kwa sababu ya njaa atangulize barua ya pingamizi yenye mhuri kabla ya siku ya malipo, aandike anapokea sehemu isiyobishaniwa na anabaki na madai ya kiasi fulani kwa kipengele fulani.

Wanawake. Mume akiandikishwa peke yake, hela inaingia akaunti yake peke yake. Ombeni fomu iandike majina ya wanandoa wote wawili na akaunti iwe ya pamoja. Kwenye ndoa za mitara kila mke mwenye nyumba yake aandikishwe kama kaya yake, na picha yake. Hili likipita siku ya uthamini, kulirekebisha baadaye kunahitaji kesi ya ndani ya familia, na hakuna anayeitaka hiyo.

---

Mwana wa Nyanza

Asanteni sana. Mambo mawili: makaburi ya ukoo yako ndani ya mstari, na kuna malisho ya kijiji pamoja na kisima cha pampu. Hivyo vinadaiwa na nani? Na bado nyufa na maji.

---

Mama Msaada wa Sheria

Makaburi yana sheria yake, ya 1969. Inalipa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, pamoja na gharama za tambiko au ibada inayotakiwa. Hailipi uchungu. Andikeni kila kaburi na nani amelala pale, hata lile lisilosakafiwa, lenye jiwe tu au mti tu, kwa sababu hayo ndiyo yanayopitiwa na tingatinga. Gharama za tambiko zitajwe kwa vitu: mnyama, nafaka, sanda, usafiri wa wazee wa ukoo.

Malisho na kisima ni mali ya kijiji, na anayedai ni halmashauri ya kijiji. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uhusishwe. Eneo likiwa hekta 250 au chini, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Kwa hiyo hekta ni ngapi? Hilo liwe swali la kwanza kwenye mkutano.

---

Fundi Maji na Mwamba

Nachukua nyufa na maji.

Kampuni itasema nyumba ya tofali za kuchoma bila msingi wa zege hupasuka yenyewe. Na ni kweli hupasuka, hasa pembeni mwa madirisha. Kwa hiyo picha ya ufa peke yake haisemi kitu. Mnachohitaji ni kuonyesha ufa unakua na unakua lini. Kwenye ncha mbili za ufa, chora alama kwa penseli ukutani na uandike tarehe. Pima upana sehemu ile ile kila Jumamosi, piga picha rula ikiwa imelala juu yake. Halafu kata kipande cha kioo cha dirisha, kama sentimita 10 kwa 3, kibandike kukatisha ufa kwa jasi pande zote mbili. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Weka tarehe ya kukatika kando ya daftari la milipuko: siku, saa, king'ora kililia lini, vumbi lilielekea wapi. Kisha mchukue nyumba 10 za ujenzi na umri kama huo kwenye kijiji cha mbali kisichosikia baruti, mzihesabu nyufa kwa namna ile ile. Ulinganisho huo ndio unaofunga mdomo wa hoja ya msingi.

Mgodi huwa na kifaa cha kupima mtetemo wa ardhi kwa milimita kwa sekunde. Ombeni namba, na muhimu zaidi ulizeni kifaa kimekaa wapi. Juu ya mwamba mgumu kitatoa namba ndogo, juu ya udongo laini walikojenga watu mtetemo hukuzwa.

Pia kuna umbali. Sheria ya Madini ya 2010 inamzuia mwenye leseni kufanya shughuli zake ndani ya mita 200 za nyumba, au mita 50 za ardhi iliyolimwa au kuandaliwa kwa mazao, bila idhini ya maandishi ya mkaaji halali. Idhini ikizuiwa bila sababu ya msingi Waziri anaweza kuingilia, lakini lazima kwanza iombwe. Pimeni umbali kwa GPS ya simu kutoka pembe ya nyumba, siyo kutoka katikati ya kitongoji.

Maji. Msipeleke chupa ya soda maabara. Muombe maabara ya serikali au iliyothibitishwa iwape chupa zake. Chupa ya sampuli ya kupima metali huwa imewekwa asidi ya nitriki kidogo ili kushusha pH (kipimo cha uasidi) chini ya 2. Usiisuuze mtoni, utaimwaga asidi na metali zitashika ukuta wa chupa. Ya kupima sianidi, kemikali ya kuchenjulia dhahabu, ni tofauti: inawekwa alkali hadi pH ipite 12, inakaa gizani na baridi, na ina siku 14 za kupimwa. Mkizichanganya hizi mbili, sampuli ya sianidi inatoa hewa ya sumu na matokeo hayana maana.

Chukueni sehemu 3 angalau: mto juu ya mgodi, mto chini yake, na kisima cha mbali. Bila sampuli ya mto juu ya mgodi, mtaambiwa arseniki (sumu inayopimwa pamoja na metali) ni ya asili kwenye miamba ya eneo hilo, na mara nyingine ni kweli. Rudieni kiangazi na mvua za kwanza, kwa sababu mvua za kwanza ndizo zinazosukuma kilichokusanyika kwenye kifusi. Salfeti ikipanda huku pH ikishuka, hiyo ni dalili ya mapema ya maji ya asidi, kabla metali hazijaonekana. Arseniki kwenye maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita.

Na ulizeni kama sampuli ilichujwa. Maji yaliyochujwa hutoa namba ndogo ya metali kuliko yasiyochujwa. Mara nyingi kampuni na wanakijiji wanatupiana matokeo, kumbe wamepima vitu viwili tofauti.

Jambo moja watu hawalitarajii: faini ya NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, haiwafikii. Mei 2019 mgodi wa North Mara ulitozwa shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa la topesumu, na faini kama hiyo ni ya serikali. Uamuzi wa NEMC ni ushahidi mzuri, lakini fidia ya mkulima inabaki kuwa madai yake mwenyewe.

---

Sauti ya Kitongoji

Niseme kuhusu umoja, maana hapo ndipo vijiji vinavunjika.

Tegesha isifichwe. Kampuni inapenda sana ikutwe, kwa sababu vibanda 20 vya uongo vinatosha kuzitilia shaka nyumba 140 za kweli. Kijiji kitembee chenyewe wiki hii, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, wazee na vijana wenye simu, mpige picha za kila boma zikiwa na tarehe na GPS, mzifungie kwenye muhtasari wa mkutano wenye saini. Mtu atakayejenga baada ya hapo atajulikana, na aliyekuwepo miaka 30 atakuwa na kinga.

Kamati iwe ya watu 7, wanawake wasiopungua 3, na kanuni moja isiyo na msamaha: hakuna mjumbe anayekutana na mtu wa kampuni akiwa peke yake, hata kwa chai. Madalali wa fidia wanaoomba asilimia ili "kufuatilia" wasiandikiwe kitu chochote. Msaada wa sheria upo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya.

Wapangaji, wafugaji wa kupita na vijana wanaookota magwangala (mawe ya taka ya mgodi yenye mabaki ya dhahabu) hawamo kwenye fomu yoyote. Wakiachwa nje ya kamati, ndio watakaotumika kuivunja. Kwao ombeni kurejeshewa riziki, siyo fidia ya ardhi. Kama mgodi una mikopo ya IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni) au unadai kufuata viwango vyake, Kiwango Na. 5 kinataka gharama kamili ya kupata mali mpya bila kutoa uchakavu, na kinagusa riziki pia. Na kama IFC yenyewe imeweka hela kwenye mgodi, kuna mlango wa malalamiko wa CAO, ofisi huru inayopokea malalamiko kuhusu miradi ya IFC.

Na mkikaa mezani msikubali shule au zahanati ihesabiwe kama fidia. Mpango wa uwajibikaji kwa jamii na ushuru wa huduma wa halmashauri ni wajibu mwingine kabisa.

---

Mwana wa Nyanza

Vipi kesi za nje, kama ile ya London?

---

Mama Msaada wa Sheria

Zipo, ila zilihusu vifo na majeraha ya risasi North Mara. Siyo uthamini. Moja ya London ilifunguliwa 2013 ikaisha kwa makubaliano nje ya mahakama 2015. Nyingine ilifunguliwa Ontario, Canada, Novemba 2022, na Novemba 2024 mahakama ya huko ikakataa kuisikiliza kwa hoja ya mamlaka. Msiweke kaya 140 kwenye foleni hiyo wakati mwaka wenu 1 unakimbia hapa nyumbani. Kama kuna mtu amepigwa au kuuawa, hilo litengwe faili lake: fomu ya polisi ya matibabu (PF3), taarifa ya daktari, majina ya mashahidi, siku hiyo hiyo.

Nunueni madaftari Jumatatu. Moja kwa kila kaya, na moja la kamati ambalo nakala yake inakaa nje ya kijiji.